Ngao ya Jamii: Asili Yake na Njia ya Kuifikia

Mabwana na mabibi, na ninyi vijana mlio shuleni, mazungumzo yetu ya leo ni habari za mchezo wa mpira, na hasa habari za tuzo moja ambayo wengi huitaja na wachache huijua asili yake. Tuzo hiyo ni Ngao ya Jamii. Kila mwaka, karibu na mwanzo wa ligi ya taifa, timu zenye sifa hukutana kuigombea. Watu hukusanyika penye redio, mashabiki huvaa rangi za timu zao, na jina la mshindi huimbwa mpaka usiku.

Lakini ukimwuliza mmoja wa waimbaji hao, “Je, timu hizi zimepata wapi haki ya kuigombea ngao, na kwa nini si timu nyingine?” mara nyingi atakujibu, “Ndivyo ilivyo desturi.” Jibu hilo halitoshi. Kila desturi ina mwanzo, na kila mwanzo una sababu. Na mtu asiyejua sababu hawezi kujua kama mlango uko wazi kwake au umefungwa. Nasi wa Arusha na wa miteremko ya Mlima Meru yatupasa kulitafuta jibu hilo kuliko wengine, kwa kuwa ngao hii imekwisha kugombewa hapa kwetu, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nasi tukawa watazamaji tu.

NJIA MBILI ZA UBINGWA

Kwanza sharti tufahamu ya kwamba katika mpira ziko njia mbili za kuwa bingwa. Njia ya kwanza ni ligi. Katika ligi kila timu hucheza na kila timu nyingine mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja ugenini. Anayeshinda hupewa pointi 3, wanaotoka sare hupata pointi 1 kila mmoja, na anayeshindwa hapati kitu. Mwisho wa msimu hesabu hufanywa, na mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Katika msimu wa 2019/20, kwa mfano, ligi yetu ilikuwa na timu 20, na kila timu ilicheza michezo 38.

Ligi ni kama shamba la kahawa. Mkulima wa Meru hapati kahawa nzuri kwa kazi ya siku moja. Hupalilia, hupogoa, hutia mbolea, huchuma tunda jekundu na kuliacha bichi, na mvua ikikosa wiki moja bado hana sababu ya kukata tamaa. Vivyo hivyo katika ligi timu yaweza kushindwa leo, ikajirekebisha, na mwisho wake ikawa bingwa.

Njia ya pili ni kombe la mtoano. Hapa timu mbili hukutana, na ikishindwa moja basi safari yake imekwisha. Huu ni kama mto wakati wa masika: anayevuka amevuka, na anayeteleza huchukuliwa na maji, hata kama jana alikuwa mwogeleaji hodari kuliko wote. Ndiyo sababu katika kombe timu ndogo huweza kumwangusha mkubwa.

Basi mwaka unapokwisha taifa huwa na mabingwa wawili, bingwa wa uvumilivu na bingwa wa mtoano. Ndipo watu huuliza nani kati yao ni bora. Ngao ilitengenezwa ili kujibu swali hilo kwa mchezo mmoja.

ASILI YA NGAO

Desturi hii ilianza Uingereza. Katika mwaka wa 1898 ilitolewa ngao katika mji wa London, igombewe na timu bora ya wachezaji wa kulipwa na timu bora ya wachezaji wa ridhaa, na fedha za mlangoni zilipelekwa hospitali na kwa wenye shida. Miaka kumi baadaye, yaani 1908, Chama cha Mpira cha Uingereza kilianzisha ngao yake chenyewe. Mchezo wa kwanza ulikuwa kati ya Manchester United na Queens Park Rangers. Walitoka sare ya 1–1, wakarudiana, na Manchester United wakashinda 4–0. Ngao hiyo iliitwa Ngao ya Hisani mpaka mwaka wa 2002, ndipo jina lake lilipogeuzwa kuwa Ngao ya Jamii.

Angalieni maana ya majina hayo mawili. Tangu mwanzo mchezo huu haukukusudiwa kuwa faida ya wachezaji peke yao. Ilikusudiwa kwamba wakubwa wawili wapigane, na mapato yarudi kwa watu.

Wala tuzo yenyewe si jambo geni kwa watu wa pande hizi. Wazee wa Kimasai na wa Kiarusha wanajua ya kuwa ngao ya ngozi ya nyati haikuwa kizuizi cha mkuki tu. Ilichorwa alama, na kwa alama zile mtu aliyesimama mbali alitambua mwenye ngao ni wa watu gani. Kwa hiyo ngao husema, “Huyu ana watu wake.” Tulishike neno hilo, kwa maana tutalirudia.

MAKOMBE YA AFRIKA YA MASHARIKI

Kabla ya ngao yetu, nchi zetu zilikuwa na makombe mengine. La zamani lenye sifa ni Kombe la Gossage, lililopewa jina la William Gossage, mtengeneza sabuni wa Uingereza. Lilianza mwaka wa 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika iliingia mwaka wa 1945, na ingawa ilichelewa kuingia haikuchelewa kushinda: ililitwaa mwaka wa 1949, tena 1950, na tena 1951, miaka mitatu mfululizo.

Lakini kombe hilo lilikuwa la nchi na nchi. Timu za miji yetu zilikuwa bado hazina ligi moja ya taifa. Ligi hiyo ilianza mwaka wa 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka wa 1971 inaitwa Simba. Mpinzani wake mkubwa ni Young Africans, au Yanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1935. Timu hizi mbili zimetwaa sehemu kubwa ya vikombe vya nchi hii, hata mtu angeweza kudhani ya kuwa sheria imewagawia wao. Si kweli. Katika mwaka wa 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo ulio chini ya Mlima Rungwe, ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa. Mwaka wa 1988 Coastal Union ya Tanga ikafanya vivyo hivyo. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, mkoa wa Morogoro, iliupata ubingwa mwaka wa 1999, ikaupata tena 2000.

NGAO YETU

Ngao ya Tanzania ilianza kugombewa mwaka wa 2001, na Yanga waliishinda Simba 2–1. Katika miaka ya kwanza haikuchezwa kila mwaka. Mwaka wa 2009 ilirudi, na mshindi alikuwa Mtibwa Sugar, aliyeifunga Yanga 1–0. Tangu hapo imekuwa desturi ya kila mwaka.

Wakati huo palikuwa na kasoro moja. Nchi ilikuwa na ligi, lakini haikuwa na kombe la mtoano lililochezwa kila mwaka. Basi palipokuwa hapana bingwa wa kombe, ngao iligombewa na bingwa wa ligi na mshindi wa pili wa ligi. Ndivyo Azam walivyokutana na Yanga mwaka wa 2013, na 2014, na 2015. Mchezo wa 2015 haukuzaa goli hata moja, wakapigiana penalti, na Yanga wakashinda kwa 8–7. Mwaka uliofuata Azam walilipa deni: wakatoka sare ya 2–2 na Yanga, kisha wakashinda kwa penalti 4–1.

Kombe la mtoano lilifufuliwa katika msimu wa 2015/16. Hapo ngao ikapata maana yake ya asili. Mwaka wa 2017 Yanga, bingwa wa ligi, alikutana na Simba, bingwa wa kombe, na Simba akashinda kwa penalti 5–4. Mwaka wa 2018 Simba alikuwa bingwa wa ligi, na bingwa wa kombe alikuwa Mtibwa Sugar.

Hapa ndipo Arusha inapoingia katika hadithi. Fainali ya kombe ya mwaka ule haikuchezwa Dar es Salaam. Ilichezwa hapa Arusha, katika mwezi wa Juni, na Mtibwa waliifunga Singida United 3–2. Kwa ushindi ule walioupata chini ya Mlima Meru, Mtibwa walipata haki ya kwenda Mwanza mwezi wa Agosti kuigombea ngao. Walishindwa na Simba 2–1, lakini walikwenda kwa haki yao wenyewe, bila kubebwa na mtu.

ARUSHA, TAREHE 30 AGOSTI 2020

Miaka miwili baadaye ngao yenyewe ililetwa Arusha. Uwanja ulioipokea una jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyekuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri katika Serikali ya Tanganyika huru, akafariki mwaka wa 1964. Wasomaji wa mashairi wamjua kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka wa 1954. Yafaa uwanja wa mpira uwe na jina la mtu aliyefundisha ya kwamba uhodari bila sheria si uhodari.

Katika msimu uliokwisha Simba walikuwa wametwaa ligi na kombe pia. Sasa bingwa wa ligi angecheza na nani, naye ndiye bingwa wa kombe? Waliamua ya kwamba nafasi ile apewe mshindi wa pili wa kombe. Huyo alikuwa Namungo wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, aliyefungwa na Simba 2–1 katika fainali ya kombe iliyochezwa Sumbawanga.

Namungo walikuwa wamepanda Ligi Kuu mwaka wa 2019 tu. Fikirini jambo hilo. Timu ya wilaya moja ya kusini, iliyokuwa bado ngeni kati ya wakubwa, baada ya msimu mmoja ilisafiri mpaka Arusha kuigombea ngao ya taifa. Simba walishinda 2–0. Goli la kwanza lilifungwa na John Bocco kwa penalti, la pili na Bernard Morrison. Namungo walirudi bila ngao, lakini jina la Ruangwa lilikuwa limekwisha kutajwa nchi nzima.

HAKI SI SAWA NA BAHATI

Sasa twafika kwenye jambo kubwa la mazungumzo haya. Namungo waliingia kwa kuwa waliotangulia kukaa na kuamua walimchagua mshindi wa pili wa kombe. Je, uamuzi huo ulidumu?

Tarehe 2 Julai 2022 fainali ya kombe ilichezwa tena Arusha. Yanga walikutana na Coastal Union. Ulikuwa mchezo wa kukumbukwa: magoli 3 kwa 3, kisha penalti, na Yanga wakashinda 4–1. Yanga walikuwa wametwaa ligi pia. Kwa kufuata mfano wa 2020, Coastal Union wangeitwa kwenye ngao. Hawakuitwa. Aliyeitwa ni Simba, mshindi wa pili wa ligi, na Yanga wakamfunga 2–1.

Mwaka wa 2023 mpango uligeuzwa tena. Ngao iligombewa na timu nne, Yanga, Simba, Azam na Singida Fountain Gate, katika mji wa Tanga. Yanga na Simba walifika fainali, wakatoka bila goli, na Simba akashinda kwa penalti 3–1, mlinda mlango wake Ally Salim akizuia mikwaju mitatu. Mwaka wa 2024 zilicheza timu nne tena, na Yanga wakaifunga Azam 4–1 katika fainali. Mwaka wa 2025 walirudi kwenye mchezo mmoja, na Yanga wakaifunga Simba 1–0.

Mambo haya yatufundisha nini? Yatufundisha ya kwamba nafasi ya mshindi wa pili hutegemea uamuzi wa wakubwa, na uamuzi huo hubadilika. Namungo na Coastal Union walifanya kazi ile ile, wakafika fainali ile ile. Mmoja akafunguliwa mlango, mwingine akafungiwa. Bali Mtibwa wa 2018 hakuhitaji kufunguliwa na mtu. Alikuwa na kombe mkononi, na kombe ndilo lililokuwa ufunguo wake. Mwenye kutegemea nafasi ya pili anategemea bahati. Mwenye kushinda ana haki.

MLANGO ULIO WAZI

Baadhi yenu mtasema, “Maneno haya ni ya timu kubwa. Sisi wa Tengeru, na Usa River, na Ngaramtoni, yatuhusu nini?” Yawahusu sana, na nitaeleza kwa nini.

Mkoa wa Arusha haujapata kutoa bingwa wa ligi ya taifa, wala mshindi wa ngao. JKT Oljoro ilipanda Ligi Kuu mwaka wa 2011, ikashuka mwaka wa 2014. Kwa hiyo mara tatu, mwaka wa 2018, na 2020, na 2022, Arusha iliandaa karamu kubwa ya mpira, ikapika, ikatandika mkeka, ikawakaribisha wageni, wala mtoto wake hakuketi kula. Mwenyeji wa namna hiyo hupewa shukrani, lakini hana ngao yenye alama yake.

Lakini kombe la mtoano halikuwekewa wakubwa tu. Timu za madaraja ya chini nazo huingia, na zimekwisha kuonyesha kazi. Mwezi wa Desemba 2017 Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, iliitoa Simba kwa penalti, na Simba wakati ule ndiye aliyekuwa akilishikilia kombe. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2018, Mashujaa wa Kigoma, nao si wa Ligi Kuu, waliifunga Simba 3–2. Mto haukuuliza nani ni mkubwa, aliyeteleza alichukuliwa.

Basi njia ya mtu wa Meru kwenda kwenye ngao yaweza kuwa ndefu, lakini haijafungwa. Wala haianzi siku ya fainali. Huanza mahali ambapo wengi hawapaangalii. Kwanza ni uwanja: kijiji kisicho na uwanja uliopimwa na kuachwa kwa ajili ya mchezo kitafundisha vijana wake kukimbia barabarani tu. Pili ni mashindano ya watoto, yenye ratiba inayofuatwa na refa anayeijua sheria, kwani mtoto aliyezoea ugomvi kijijini huonyeshwa kadi nyekundu mjini. Tatu ni fedha. Mweka hazina aandike kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, na asomee wanachama hesabu mbele ya watu. Timu isiyosafiri haichezi, na timu isiyo na hesabu haisafiri mara mbili. Nne ni uvumilivu, ule ule wa shamba la kahawa, maana mche hauzai mwaka unaopandwa.

Serikali na vyama vya mpira navyo vina sehemu yao. Mwaka wa 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilichaguliwa kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka wa 2027, na mwaka wa 2024 kazi ya kujenga uwanja mpya wa kuketi watu 30,000 ilianza hapa Arusha. Uwanja mkubwa ni jambo la kushukuru. Lakini uwanja mkubwa usio na timu ya nyumbani ni kama ghala kubwa lisilo na shamba: litajazwa na mazao ya wengine.

Tena wenye kuamua mambo ya ngao wangefanya vema kuandika kanuni moja na kuishika: bingwa wa ligi na bingwa wa kombe, na mmoja akitwaa vyote viwili, ijulikane mapema nani atasimama mbele yake. Kanuni inayojulikana kabla ya mchezo huwapa moyo wadogo. Kanuni inayojulikana baada ya mchezo huwavunja moyo, hata kama imekusudiwa kwa wema. Na ikiwa ngao ni ya jamii kama jina lake lisemavyo, basi iendelee kutembea mikoani, ili jamii iione kwa macho yake.

Kwa ufupi, mabwana na mabibi, ngao ni mchezo wa dakika 90 kwa macho ya mtazamaji. Kwa macho ya mwenye kujua, ni mwisho wa njia mbili, na njia moja kati ya hizo yapita hata katika kijiji chako. Tukuyu ilipita chini ya mlima wake. Mtibwa ilipita kutoka katika mashamba ya miwa. Vijana wa Meru nao wana miguu, wana mapafu yaliyozoea mteremko, na sasa wanajua mlango uko wapi. Kilichobaki ni kazi, na kazi hiyo ianze kwenye uwanja wa kijiji kabla ya msimu mwingine kufika.